Walii Aliyekaa Juu ya Moto

Kila nikienda mferejini, wenzangu wa Bondeni, mnanishika kanga: Bi Zuhura, tueleze, ulifikaje huko, na ulikuta nini? Nikianza kusimulia, ndoo ya mtu inajaa, ananiaga nikiwa sijafika hata Mogotio. Matokeo yake mji mzima una vipande vya safari yangu, na kila mtu ameviunga anavyopenda. Nimesikia kwamba nilinusurika kuliwa na mamba. Nimesikia pia kwamba shemeji yangu anaishi shimoni na anapika bila kuni. Hilo la pili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana nimeona niketi niandike yote.

Kwa wasiojua kilichonitoa nyumbani: mume wangu Athumani, seremala, alifariki mwaka jana akaniachia binti mmoja, Salma. Salma alipochumbiwa nilifurahi, mpaka baba wa kijana aliponiuliza ni nani atakayemwoza. Nikamjibu kwamba sheikh atamwoza. Akasema, kwa upole lakini bila kurudi nyuma, "Binti ana ami yake yu hai, Bi Zuhura. Huyo ndiye walii wake wa kumwoza, na mwenye walii hai haozwi na mtu wa nje."

Alikuwa na haki yake. Athumani alikuwa na mdogo wake, Bakari, ambaye miaka mingi alikuwa akikausha samaki kisiwani, katika ziwa la Baringo. Nikahi ilikuwa imepangwa Ijumaa baada ya sala, na Jumamosi kijana anapanda gari la moshi kwenda kuanza kazi Kampala. Bila Bakari, ndoa ingengoja likizo yake ya kwanza, na likizo ya kazi za Kampala anaijua mwajiri na Mungu. Salma alikuwa hali wala halali.

Tatizo ni kwamba ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani. Bakari alioa huko kisiwani mwanamke wa Kinjemps, wenyeji wa ziwa hilo, bila kumwambia mtu, na Athumani akaapa mbele ya wazee wa msikiti kwamba hatakanyaga alipo mdogo wake. Mazishini Bakari hakuonekana. Nami mume wangu nilimjua kwa ukaidi. Mwaka mmoja kabla ya kufa alikwenda Ravine kutafuta mbao, akakawia, akarudi uso umebabuka na jua, na tangu siku hiyo akawa hataki kuoga ila kwa maji ya moto wa kuchuna ngozi. Tena akafunga siku tatu mfululizo, wala si Ramadhani. Nikasema moyoni, uzee unakuja na uchaji wake. Mtu wa namna hiyo akiapa, ameapa.

Basi ningemtuma nani? Mwanamume angekwenda kuongeza ugomvi juu ya ugomvi. Nikajifunga kibwebwe nikaenda mwenyewe.

Nakuru mpaka Mogotio

Nilipanda lori la kuchukulia samaki, mbele, karibu na dereva, jina lake Okelo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Ndiye aliyekuwa akileta samaki wa Bakari sokoni, na ndiye aliyempelekea habari za msiba, wiki kadhaa baada ya sisi kwisha kuanua tanga.

"Huyo mzee mimi najua yeye sana," aliniambia. "Sisi naita yeye Mzee wa Moto. Lakini mama, yeye hapana toka kule. Mimi nimeambia yeye mara mingi, twende Nakuru uone watu. Anasema Nakuru iko baridi."

Tulitoka alfajiri, baridi ya Nakuru ikiwa bado imekaa mabondeni. Lori halijaenda mbali likaanza kutoa mvuke puani, Okelo akasimamisha ili alinyweshe maji. Nikashuka kunyoosha miguu, na hapo ndipo nilipouona mlima Menengai kwa mara ya kwanza, ingawa nimeishi chini yake tangu nilipoletwa Nakuru bibi harusi. Kwangu mimi ulikuwa ukuta wa nyuma ya mji, mahali mawingu yanapoegemea. Sasa nilikuwa nauona kwa ubavu, na mbavuni mwake, hapa na pale, mvuke mweupe ulikuwa ukipanda kutoka kwenye majani yenye umande, hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna moto wa mkaa.

"Nani anapika kule?" niliuliza.

"Hakuna mtu," Okelo akasema, akifunga kifuniko kwa kitambaa. "Hii mlima yenu iko wazi ndani. Iko shimo kubwa, unaweza tia Nakuru yote na watu yake. Chini iko moto. Wewe hapana jua?"

Nilijua kwa kusikia. Lakini ni jambo moja kusikia, na jambo jingine kusimama ukaona ardhi inapumua. Nikapanda lorini kimya, na Okelo akadhani nimekasirika.

Mbele kidogo askari walitusimamisha, maana Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Mmoja alifungua kapu langu akakuta mahamri, bunda la kahawa na kanga mbili mpya za kumpelekea mke wa Bakari. Akauliza mahamri ni ya nini. Nikamwambia ni ya kuliwa. Akala mawili kuhakikisha, akaturuhusu.

Mogotio mpaka mtoni

Baada ya Mogotio na mashamba yake ya mkonge, nchi inashuka. Sisi wa Nakuru tunasema "joto" siku ambayo mtu anaweza kuanua nguo kabla ya adhuhuri. Huko nilikutana na joto lenyewe. Lilianza miguuni, likapanda, nikavua sweta, nikavua shali, nikabaki na buibui langu nikilitazama kwa majuto. Miti ilipungua kimo na kuongeza miiba. Mawe yakawa meusi, yametapakaa kila mahali, mengine yana matundu kama mkate wa mofa, mepesi kuliko yanavyoonekana. Okelo alinipa moja nilishike. Alisema wazungu wa mashamba ya Rongai, wakipita huku kwenda likizo ziwani, huyaokota wakasugulie nyayo.

Kilichonishinda kueleza mferejini ni zile kuta. Kushoto, mbali, ukuta wa milima wa buluu. Kulia, mbali, ukuta mwingine. Katikati sisi, na lori letu linalokohoa. Nilihisi kama sisimizi aliyeanguka ndani ya karai. Okelo akasema nchi yote hii ilipasuka zamani, kuta zile mbili zilikuwa zimeshikana, kisha katikati pakadidimia. Nani aliyemwambia? Mzee wa Moto.

Karibu na Marigat tulipita watu wengi wakichimba mifereji juani chini ya ulinzi wa bunduki. Walikuwa watu waliozuiliwa kwa Hali ya Hatari. Hakuna aliyeinua kichwa. Okelo, ambaye alikuwa hajanyamaza tangu Nakuru, alinyamaza mpaka tulipowaacha nyuma kabisa, nami nikajikuta nimefunga kapu langu la mahamri kwa haya.

Kisha mto. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa ukavu, vumbi limejaa mpaka masikioni, na mbele yetu maji mekundu yamefunika barabara, yanabeba matawi na mizizi. Nikauliza maji hayo yametoka wapi wakati hakuna hata wingu. Okelo akanyoosha kidole kwenye ile milima ya buluu. Mvua ilikuwa imenyesha huko jana.

"Sasa sisi nangoja," akasema, akatandika gunia chini ya lori akalala.

Tulingoja mpaka kesho yake. Ilikuwa Jumatatu tulipofika pale, na kila saa niliyokaa nikiyatazama yale maji niliiona inamtoka Salma mkononi. Upande wetu palikuwa na mama mmoja wa Kitugen aliyekuwa akingoja pia, na mbuzi wake. Nilimpa hamri. Yeye akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu, nami nilipoyaona nikashtuka, maana yalikuwa ya rangi ya jivu, na vipande vyeusi vinaelea. Nikafikiri masizi yameingia. Kwa adabu nikaanza kuvitoa kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, nikavipangusa kwenye jani. Yule mama alinitazama kwa mshangao mkubwa. Okelo, chini ya lori, akasema bila kufungua macho, "Mama, hiyo unatupa ndiyo dawa ya maziwa. Yeye ametia mkaa makusudi." Nikanywa yote. Yalikuwa makali, mazito, yana harufu ya moshi mtamu, na nikiambiwa nichague kati yake na sharubati leo, nitafikiri kwanza.

Kampi ya Samaki

Maji yalipungua Jumanne asubuhi, tukavuka, tukafika ziwani jua likiwa utosini.

Ziwa letu la Nakuru mnalijua: maji ya magadi, huwezi kumnywesha hata adui. Hili la Baringo ni jekundu kama chai ya maziwa, lakini ni tamu. Nilichota kwa kiganja nikaonja. Okelo akaniambia mito inaingia humo na hakuna hata mmoja unaotoka, wala maji hayageuki chumvi. Yanakwenda wapi? Chini, kati ya mawe, yanatafuta njia yake gizani. Na katikati ya ziwa kilikaa kisiwa, cheusi, chenye vilima vilivyochongoka, kama mlima uliozama ukabakisha kichwa nje ili uvute pumzi. Wenyeji wanakiita Kokwa. Nilikitazama mpaka nikasahau kuwa nimekuja kwa shughuli.

Mke wa Bakari alikuwa ufuoni akishusha mizigo ya samaki wakavu. Anaitwa Nasieku. Mrefu, shanga shingoni, uso usiotoa siri. Okelo akamwambia mimi ni nani. Yeye akanitazama buibui langu jeusi kutoka juu mpaka chini.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwambia hakuna, hii ni nguo ya kutembelea. Hakuamini. Njia nzima alinitendea kwa upole wa kumtendea mfiwa.

Okelo alituaga kwa onyo: lori linaondoka Alhamisi kabla ya adhuhuri, samaki hawangoji mtu. Halafu Nasieku akaniingiza mtumbwini.

Mimi ni binti wa fundi wa mashua wa Lamu. Nimezaliwa katika harufu ya mbao na mafuta ya papa, na Athumani na Bakari wote wawili walijifunza useremala kwa baba yangu. Kwa hiyo nilipoona chombo kile, niliingia na maoni. Kilikuwa kimefumwa kwa vigogo vyepesi vya miti inayoota kandokando ya ziwa, vimefungwa kwa kamba, na kasia zake ni vibao viwili vidogo vya kushika mkononi, kimoja kila mkono. Tulipofika katikati, maji yakaanza kuingia chini. Nilikaa ndani ya maji. Kando yangu mamba alikuwa ametoa macho. Nasieku akasema, "Hao hapana neno, hao nakula samaki tu," akaendelea kupiga makasia bila haraka.

Nilisali kila nilichokijua. Na kati ya dua moja na nyingine nikasema moyoni: mbao zimekauka hizi. Wameuacha juani. Mishono imefunguka.

Kisiwani

Bakari alitupokea ufuoni. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, lakini mabega ni yaleyale ya marehemu, na nilipoyaona ilinibidi nijifanye natafuta kiatu.

"Shemeji Zuhura," akasema. "Umekuja mbali."

"Nimefuata mtu wa mbali."

Nilimweleza shida yangu kabla hata ya kula, maana nilijua nikila kwanza nitakosa ukali. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema hawezi. Nikamwuliza sababu. Akasema, "Kesho nitakurudisha ng'ambo. Okelo atakufikisha." Wala hakutaja jina la kaka yake hata mara moja. Alisema "marehemu," alisema "mume wako," alisema "yule." Nikaliona hilo, nikaliweka moyoni.

Nasieku alitupa samaki na ugali, na nyumba yao ilikuwa safi, nami nililala nimenuna. Lakini chini ya mkeka sakafu ilikuwa na uvuguvugu. Nikadhani kuna mtu alikuwa amelala pale kabla yangu. Niliweka kiganja kwenye udongo. Joto lilikuwa linatoka chini, polepole, kutoka mbali sana.

Jumatano asubuhi, baada ya sala, Bakari alisema kabla ya kuondoka nione alichokikalia miaka yote hii. Nafikiri ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Alitangulia kwenda kuwaangalia mbuzi, akaniambia nifuatane na Nasieku.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa. Ufuoni niliuona mtumbwi umesimamishwa juu ya mawe, umegeuzwa tumbo kuelekea jua, nalo linaupiga kwa nguvu zote. Moyo wa binti wa fundi ukaniuma. Baba yangu angemchapa mtu kwa hilo: chombo kikikaa juani mbao husinyaa, na dawa yake ni kukirudisha majini kivimbe, mishono ijifunge. Nasieku alikuwa amekwenda kuchukua kibuyu. Nikaukokota ule mtumbwi, mwepesi ajabu, nikausukuma majini chini ya kivuli cha mti, nikaufunga kwa jiwe. Nikajipongeza. Nikasema, akinirudisha bila mtoto wangu kupata walii, walau arudi kwake ndani ya chombo kikavu.

Kisha tukaenda upande wa chemchemi.

Wenzangu, sijui nianzie wapi. Ardhi huko imebadilika rangi, nyekundu, njano, nyeupe, kama mtu amemwaga bizari na chokaa. Mawe yana nyufa, na kila ufa unatoa mvuke unaonuka mayai yaliyokaa. Kuna mashimo ambayo maji yanachemka ndani yake, yanaruka, yanazama, yanaruka tena, na yana sauti. Niliposimama karibu nilihisi mtikisiko unanipanda kutoka kwenye visigino. Nilisema Subhanallah, nikaisema tena, na sikuwa na neno jingine. Nimepika maisha yangu yote. Najua kazi ya kuchochea moto, kupuliza mpaka machozi yakutoke, kuutafutia kuni siku ya mvua. Na huu hapa moto ambao hakuna mtu aliyeuwasha, na hakuna mtu atakayeuzima.

Bakari alitukuta hapo. Akaniambia wazee wa kisiwani wamerithi masimulizi ya ardhi kutikisika na maji haya kupanda juu kuliko mtu. Akaokota jiwe jeusi. "Hili lilikuwa uji," akasema. "Lilitoka chini likimiminika, likafika ziwani, likaganda. Na shemeji, usidhani ni hapa tu. Mlima wenu wa Nakuru na kisiwa hiki ni jiko moja. Nyinyi mmefunikiwa, sisi tumeachiwa mlango wazi."

Kando palikuwa na maganda ya mayai. Wazungu wa likizo, akasema. Walikuja na mashua ya mashine wiki iliyopita, mume na mke, wakakunjua viti, wakachemsha mayai chemchemini, wakakaa juani makusudi mpaka wakawa wekundu, wakaondoka wamefurahi. Nasieku aliwaonea huruma, akidhani wamefukuzwa kwao.

Mtumbwi

Tuliporudi ufuoni mtumbwi ulikuwa haupo. Yaani ulikuwepo, ila maji yalikuwa yameufikia shingoni. Bakari aliingia ziwani akaushika, akauvuta, haukusogea. Vile vigogo vyepesi vilikuwa vimekunywa maji kama sifongo.

"Nani ameutia majini?"

"Mimi," nikasema. "Ulikuwa unavuja. Mmeuacha juani mpaka ukasinyaa, nikauloweka ili uvimbe."

Alinitazama. Kisha akakaa pale pale majini, maji yakimfika kifuani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nasieku hakucheka. Alitikisa kichwa.

"Huyu pia," akasema.

"Huyu pia nani?" nikauliza.

"Kama ile ingine. Ndugu yake. Yeye pia natia mtumbwi ndani ya maji. Anasema iko kauka sana. Sisi nakaa na yeye mpaka mtumbwi narudi kauka."

Nikamwambia amekosea, mume wangu hajawahi kufika hapa. Nasieku akamgeukia mumewe. Kicheko cha Bakari kilikuwa kimekatika.

Alitoka majini akaja kukaa juu ya jiwe. Alisema miti ile si mbao za Lamu. Ina matundu ndani, kila safari inakunywa maji, na lazima ianikwe ikauke ndipo iweze kuelea tena. Yeye mwenyewe, alipofika mara ya kwanza, aliuharibu wa baba mkwe wake namna hiyohiyo. "Wote watatu tumefundishwa na mzee mmoja," akasema.

"Alikuja lini?" nikauliza.

"Mwaka mmoja kabla ya kufa. Alikuambia kwamba anakwenda kutafuta mbao. Alikuja kwa siku moja tu, kunitazama kwa jicho. Asubuhi akauona mtumbwi wangu umeanikwa, akaniita mjinga, akautia majini. Basi akakwama kwangu. Siku ya kwanza hatukusema neno. Ya pili tulisema. Jioni alikuwa akikaa pale penye maji ya moto mpaka shingoni, anasema hajapata raha kama hii tangu azaliwe."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa ameapa mbele ya watu. Alisema kiapo atakilipa mwenyewe."

Kumbe zile siku tatu alizofunga zilikuwa kafara ya kiapo. Nikawaona moyoni watu wangu wote wawili, mume wangu na mdogo wake, wamekaa majini kama watoto, na mimi Nakuru nasonya kwa kuchelewa kwake. Kwanza nilikasirika. Niliyakumbuka maji yale yote niliyomchemshia, ndoo baada ya ndoo, na kuni zilivyo ghali, naye amekaa bafuni anakumbuka kisiwa bila kunishirikisha. Kisha hasira ikaniishia, nikalia, na Nasieku akanishika bega. Hatimaye alikuwa amepata msiba wake.

Nilipopata sauti nilimwambia Bakari: "Sasa kama mlipatana, kwa nini unakataa kumwoza mtoto wake?"

"Sikumzika," akasema. "Habari ilinifikia majani yameshaota juu yake. Nitaingiaje mji ule, nikae mbele ya watu, nimtoe binti wa mtu ambaye sikumtia mkono kaburini? Watasema, jana ulikuwa wapi?"

"Nami sikumzika," nikamwambia.

Akainua uso.

"Wanawake hatuendi makaburini, Bakari. Jeneza lilitoka mlangoni, wanaume wakaenda nalo, nami nikabaki ndani na mkeka. Nimelala naye miaka ishirini na sijui hata kaburi lake limeelekea mti gani. Je, nami nisimame nje ya harusi ya mwanangu?"

Alitazama mtumbwi, akatazama jua.

"Huu utataka mpaka Jumamosi," akasema.

"Nikahi ni Ijumaa. Hakuna mwingine?"

Alinyoosha mkono. Mitumbwi ya majirani ilikuwa imeanikwa kando ya ufuo, mifupi, ya kubeba mtu mmoja na ndoana yake. Ndipo Nasieku, ambaye alikuwa anasikiliza, akasema, "Peleka juu. Kwa mawe ya moto."

Waliitwa majirani, tukaunyanyua ule mtumbwi, mzito kama mgonjwa, tukaupandisha mpaka mahali ambapo ardhi ni kavu na moto lakini haitoi mvuke. Tukaulaza juu ya mawe meusi, jua juu yake na moto chini yake. Alasiri nzima Bakari na mimi tuliugeuza, upande huu, upande ule, jinsi anavyogeuza samaki wake. Maji yalitoka kwenye vigogo yakidondoka, na kila tone lililogusa jiwe lilikauka kabla sijalitazama vizuri. Jioni nilikwenda penye maji ya moto ambayo mtu anaweza kuyavumilia, nikakaa ndani na nguo zangu zote. Alisema kweli marehemu. Sijapata raha kama ile.

Kurudi

Alhamisi alfajiri mtumbwi ulikuwa umekauka wa kutosha, ingawa haukukauka wote. Lazima kuvuka mapema, maana mchana upepo unashuka kutoka milimani na ziwa linageuka kuwa kitu kingine. Nasieku alipiga makasia, Bakari akakaa nyuma amevaa kanzu iliyokunjwa miaka mingi mpaka mikunjo imegeuka njano. Maji yaliingia. Safari hii sikutoa maoni.

Okelo alikuwa ameshawasha mashine. Alipomwona Bakari anakuja alishuka, akafuta kiti kwa mkono wa shati, akasema, "Mzee, leo Nakuru iko joto." Mto ulikuwa umepungua, askari hawakuwa na njaa, lakini tairi ilipasuka karibu na mkonge na tulilala hapo. Tuliingia Bondeni Ijumaa asubuhi, mimi na shemeji yangu, tunanuka samaki, na nyinyi wenyewe mlisimama milangoni.

Niliweka maji ya kuoga motoni. Kwa mazoea yalizidi moto, na nilikuwa nataka kuyapooza, lakini Bakari aliyachukua hivyohivyo.

Baada ya sala wakaja nyumbani. Nilikuwa nyuma ya pazia na Salma na shangazi za kijana. Nilimsikia sheikh akihutubu, nikamsikia akimwambia Bakari ashike mkono wa bwana harusi. Bakari akasema, "Nimekuozesha," akanyamaza. Mmoja wa shangazi akanikonyeza, labda mzee amesahau maneno. Mimi nilijua neno lililomkwama kooni, kwa sababu kisiwa kizima sikuwa nimelisikia kwake. Salma alikuwa amenishika kidole akikibana mpaka kikauma.

"Nimekuozesha Salma," akasema Bakari, "binti wa kaka yangu Athumani."

Alilitoa jina zima, kwa sauti ileile ya marehemu. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nikaweka kiganja juu ya saruji. Ilikuwa baridi, kama sakafu zote za Nakuru. Lakini sasa najua kilicho chini yake.